Mashine mbili za magurudumu sita, na sakafu ambayo haijafunguliwa

Swali: Nataka kununua mashine yangu ya kwanza ya magurudumu sita, ile inayotembea nchi kavu na kuelea majini. Nimeona mbili zilizotumika. Ya kwanza imepakwa rangi upya, ina matairi mapya na injini iliyofungwa mwaka huu, ila muuzaji hataki nifungue sakafu. Anasema nitaharibu sili. Ya pili imefifia kwa jua na injini yake hutoa moshi wa bluu kidogo asubuhi, lakini mwenyewe ana daftari la kila alichokifanya kwa miaka 9. Bei zinakaribiana. Nitaitumia kwenye kinamasi na kuvuka bwawa, mara nyingine nikiwa na watoto wangu wawili. Nichukue ipi, na nikague nini?

Jibu:

Ndugu yangu, kwa maelezo haya tu, kabla sijaiona hata moja, mimi ningekwenda kwa mwenye daftari. Moshi wake haunitishi. Kinachonitisha ni sakafu ya yule wa kwanza.

Ukielewa mashine hizi zinavyotembea, utaona kwa nini. Hazina springi wala shokabu. Kinachomeza mashimo ni matairi yenyewe, yale manene yenye upepo mdogo. Hazina usukani unaogeuza magurudumu. Magurudumu yote sita yanaangalia mbele daima, na mashine hukata kona kwa kupunguza mwendo wa upande mmoja huku mwingine ukiendelea, kama tingatinga la minyororo. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita kwenye klachi ya mkanda, inaingia giaboksi, kisha inasambazwa kwa cheni hadi kwenye ekseli. Cheni hizo zimelala ndani ya bodi, kulia na kushoto, chini ya sakafu unayoikanyaga. Humo humo ndimo zilimo sproketi, vikaza cheni, beringi na fremu ya chuma inayoshika kila kitu. Na humo ndimo yanamotulia maji yote yaliyovuja na tope lote lililoingia na viatu. Mabaharia wana neno lao: ngama. Chombo chenye ngama chafu kinaoza kuanzia ndani, hata kama nje kinang'aa.

Kwa hiyo mnunuzi anayetazama injini, rangi na matairi ametazama vitu vitatu vilivyo rahisi kubadilisha kuliko vyote. Injini za mashine hizi, hasa zile za mipigo minne zilizoanza kufungwa miaka mingi iliyopita, ni za viwandani: Briggs & Stratton, Kohler, Kawasaki. Jamaa zao wanaendesha jenereta na mashine za kukata majani. Vipuri vyake vinapatikana, mafundi wake wapo, na ikishindikana kabisa unaishusha na kupandisha nyingine kwa siku moja au mbili. Kuondoa ekseli sita, beringi zake, sili zake na cheni zote, halafu ukakuta fremu imeliwa na kutu, hiyo ni kazi ya wiki, na mara nyingi inazidi thamani ya mashine yenyewe.

Sasa tuseme juu ya ile rangi. Bodi za mashine nyingi za miaka ya karibuni ni za polithini ngumu, plastiki ile yenye mguso wa nta kidogo, na rangi yake imo ndani ya plastiki yenyewe. Haihitaji kupakwa. Tena rangi haishiki vizuri juu yake. Baada ya muda hubanduka kama ngozi. Mtu anapopaka rangi bodi ya aina hiyo, swali la kwanza ni moja: kuna nini chini yake? Mara nyingi ni ufa uliozibwa, au kiraka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisemi muuzaji wako ni mwongo. Huenda alipenda rangi tu. Ila rangi mpya na sakafu iliyokatazwa, vikikutana kwenye mashine moja, vinanitosha kushika mkoba wangu.

Na sababu aliyokupa haina mashiko. Sakafu za mashine nilizowahi kuzifungua, na ni nyingi, ni vipande vya plastiki au vya bati vilivyoshikwa na boliti chache au vibanio. Sili zinazozuia maji ziko pembeni, pale ekseli inapotoboa bodi. Kufungua sakafu hakuzigusi. Ni kazi ya dakika 10 kwa spana moja. Mwambie hivyo kwa upole, na umwombe aifungue mwenyewe kwa mikono yake. Akikataa tena, mshukuru na uondoke.

Ikifunguliwa, iwe yake au ya yule mwingine, piga magoti na tochi, usione haraka. Anza na cheni. Nyingi ni za ukubwa wa namba 50 kwenye mashine za zamani au nyepesi, na namba 60 kwenye zilizo nzito. Cheni ya namba 60 ina umbali wa milimita 19.05 kutoka pini hadi pini. Ya namba 50 ni 15.875. Ivute ikaze, kisha pima pini kwa pini kwa hatua 16. Kwenye namba 60 mpya utapata karibu milimita 305. Ukikuta imefika 314, imerefuka kwa asilimia 3 na imekwisha. Iliyochakaa namna hiyo inapanda juu ya meno ya sproketi na siku moja itaruka au kukatika. Pima sehemu mbili tatu, kwa sababu cheni hairefuki sawasawa. Kunja kila kipande kwa vidole: kiungo kilichokakamaa kwa kutu utakihisi. Kisha tazama meno ya sproketi. Meno mazima yana mabega sawa pande zote mbili. Yaliyochoka yamepinda kama ndoana, na cheni mpya juu ya meno hayo haitadumu.

Nimekaa sana kwenye cheni kwa sababu cheni ndiyo iliyonifundisha. Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa safi, inawaka kwa mvuto mmoja. Siku ya tatu cheni ya upande wa kushoto ilikatika katikati ya maji, na hapo nikajua jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia: upande mmoja ukifa, mashine haiendi mbele. Inazunguka pale pale, polepole, kama pia inayokaribia kuanguka. Sikuwa na kasia. Nilikumba maji kwa kofia na kusubiri upepo unisogeze ufukoni hadi jioni. Nilikuwa peke yangu, namshukuru Mungu. Wewe utakuwa na watoto, ndiyo maana naandika kirefu.

Baada ya cheni, beringi na ekseli. Nenda na jeki na kipande imara cha gogo. Inua upande mmoja hadi matairi yaache ardhi, uweke gogo, kisha shika kila tairi juu na chini ulisukume na kulivuta. Mchezo mdogo sana unavumilika. Ukisikia mgongano wa chuma kwa chuma, beringi imekwisha. Mwambie mwenzako azungushe magurudumu polepole huku wewe umeweka ncha ya kijiti karibu na ukingo wa rimu. Ncha ikisogelewa na kuachwa, kusogelewa na kuachwa, basi ekseli imepinda au rimu imepinda. Tofauti utaijua kwa kutazama kitovu cha gurudumu: nacho kikiyumba, ni ekseli; kikitulia, ni rimu. Mchirizi wa rangi ya kahawia unaotoka kwenye sili ni maji na kutu ya beringi. Grisi safi inayochungulia ni habari njema, maana yake kuna mtu aliyekumbuka kuipiga.

Fremu haihitaji maneno mengi. Gonga kwa bisibisi kwenye viungio vilivyochomelewa na pale maji yanapotuama. Ikitoboka au ikitoa magamba manene, hapo pameisha, usijadiliane hata bei.

Bodi yenyewe inataka ujue imetengenezwa na nini, kwa sababu dawa yake hutofautiana. Nyingi za zamani, zikiwemo zile ambazo viwanda vyake vilikwisha kufungwa kama Amphicat na Attex, ni za plastiki ngumu ya ABS, ambayo jua huifanya iwe kavu na kupasuka kama kigae. Hiyo inazibika kwa gundi yake au kwa faibaglasi. Polithini haikubali gundi. Ufa wake huunganishwa kwa kuyeyusha plastiki ya aina ile ile juu yake, na anayeifanya lazima awe na mkono mzuri. Ukiona faibaglasi imebandikwa juu ya polithini, ujue itabanduka. Kama huna hakika ni ipi, omba ukwangue unyuzi mdogo wa plastiki kwenye ukingo usioonekana, uutose majini na kuuzamisha kwa kidole ulowe vizuri. Polithini huelea, ABS huzama. Nyufa zitafute kuzunguka boliti za beringi na pembe za chini za mbele, huko ndiko magogo na mawe hupiga.

Kuhusu giaboksi, kuna familia mbili utakazokutana nazo zaidi. Argo, zinazotengenezwa na Ontario Drive & Gear ya Kanada tangu 1967, zinatumia difrensha: ukifunga breki upande mmoja, mwendo wake unahamia upande mwingine, ambao huongeza kasi. Breki zake za kukatia kona zinafanya kazi kubwa, na kwenye za zamani ni bendi, baadaye disiki. Max II, na hizo Amphicat, zina giaboksi iitwayo T-20, yenye klachi na breki zake ndani kwa kila upande. Ukivuta fimbo, upande ule unaachiwa na kufungwa, na mwingine unaendelea kwa mwendo ule ule. Watu hubishana ipi bora. Kwa mgeni naona haijalishi sana. Kinachojali ni kwamba ikate kona kulia na kushoto kwa urahisi unaolingana. Ikikata kulia kwa kidole na kushoto ikataka mwili mzima, breki au bendi za upande huo zimekwisha au hazijakazwa sawa, na jibu la swali hilo ulipate kabla ya kulipa.

Matairi mapya ya yule wa kwanza pia yanataka jicho. Magurudumu matatu ya upande mmoja yamefungwa pamoja kwa cheni, kwa hiyo yanalazimishwa kuzunguka mizunguko sawa. Tairi moja likiwa kubwa kuliko jirani yake, cheni na ekseli vinavutana kila mita unayokwenda. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kila tairi katikati ya kashata, ulinganishe. Upepo nao uwe sawa. Mashine nyingi hutaka psi 2 hadi 5 tu, ambazo kipimo cha kawaida cha gari hakiwezi kuzisoma kwa uhakika. Tazama pia kama hayo mapya ni makubwa kuliko ya kiwandani. Tairi kubwa linapendeza, lakini mzigo wote linauhamishia kwenye cheni.

Na injini mpya? Uliza ni ya nguvu za farasi ngapi, na ya zamani ilikuwa na ngapi. Nimeona watu wakipandisha injini yenye nguvu mara mbili kwenye mashine nyepesi, kisha wakashangaa cheni zinakatika. Tazama klachi ya mbele na ya nyuma zimekaa mstari mmoja, na mkanda usiwe umeliwa upande mmoja. Injini ikiungurumia chini, mashine isimame tuli; ikitaka kutambaa, klachi haiachii au mkanda si wake.

Moshi wa bluu wa yule wa pili ni mafuta yanayoungua. Ukitoka sekunde chache baada ya kuwasha kisha ukakoma, kwa kawaida ni mafuta yaliyochuruzika usiku kupitia kwenye valvu, na injini inaweza kuendelea miaka. Ukiendelea kutoka hata ikipata moto, hasa unapokanyaga mafuta, hizo ni ringi au silinda, nawe utoe gharama ya kufanya injini kwenye bei. Vyovyote vile, fungua kifuniko cha feni na uone kama mapezi ya kupozea hayajazibwa na majani. Injini nyingi hizi zinapozwa kwa hewa na zimefungiwa ndani ya bodi. Nyasi kavu zikikusanyika karibu na bomba la moshi, zinaweza kushika moto. Kizima moto kidogo kikae humo daima. Kama ungeletewa mashine ya mipigo miwili ya miaka ya 1970, ningekuambia uipite, ila kama wewe mwenyewe ni fundi: vipuri vyake ni vya kuwinda.

Daftari la miaka 9 sasa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na huyu bwana anaonekana kuwasikia. Lakini lisome, usiridhike kuliona. Tafuta mara ngapi amepiga grisi, kwa sababu mashine inayoingia maji hutaka grisi kwenye beringi kila baada ya matembezi ya majini, si mara moja kwa mwaka. Tafuta tarehe ya cheni, uilinganishe na ulichokipima. Daftari na utepe vikikubaliana, umempata muuzaji wa kweli. Muulize pia kama amewahi kuifunga minyororo ya mpira juu ya matairi. Si kosa, ila mashine iliyofanya kazi na minyororo imevuta mzigo mkubwa kwenye ekseli na beringi zake, na ukaguzi wako uongezeke hapo.

Kisha iende majini mbele yako. Hakuna kipimo kinachoshinda hicho. Kwanza hakikisha vizibo vya kutolea maji vimefungwa. Wengi wamezama kwa kizibo tu. Iingie taratibu, ikae majini dakika 20 huku ikizungusha magurudumu, kisha tazama ngama. Matone kadhaa kwenye sili ya mashine yenye umri ni ya kawaida na pampu itayamudu. Maji yanayopanda ukiyaangalia si ya kawaida. Kama hakuna maji ya karibu, kuna njia nyingine: ikiwa imesimama sawa, mimina maji ndani ya bodi hadi yapite kidogo tu matundu ya ekseli, bila kugusa injini wala nyaya, halafu zunguka nje uone yanapotoka. Ukimaliza yatoe, ukaushe na kupaka cheni mafuta.

Kuhusu watoto, nitakuwa mkali kidogo. Majini mashine hii inasukumwa na matairi yanayopiga maji, na kasi yake ni kama ya mtu anayetembea, kilomita 4 au 5 kwa saa. Upepo wa wastani unaisogeza pembeni, mkondo unaichukua. Kwa hiyo bwawa tulivu, sawa. Mto unaokwenda, hapana. Tafuta kibandiko cha uzito kinachokuja na mashine: uzito unaoruhusiwa majini ni mdogo kuliko wa nchi kavu, na huo mdogo ndio wako. Jihesabu wewe, watoto, mafuta na mizigo. Mizigo ikae chini, hakuna anayesimama, na hakuna anayefungwa mkanda mkiwa majini. Majaketi ya kuokolea yavaliwe kabla gurudumu la kwanza halijalowa. Chagua ukingo wa kutokea kabla hujaingia, kwa maana kuingia ni rahisi na kutoka kwenye tope lenye mwinuko ndiko kunakoshinda watu. Mwezi wa kwanza usivuke maji yanayopita kiuno chako. Beba kasia mbili, kopo la kukumbia maji, kiungo cha akiba cha cheni na koleo la kukifungia.

Namba ya utambulisho iliyo kwenye mashine ilingane na ya kwenye karatasi zake, na uulize mamlaka ya unakoishi kama inahesabiwa gari, chombo cha majini, au vyote viwili.

Mpango wangu kwako ni huu. Nenda kwanza kwa mwenye daftari. Cheni zikiwa chini ya asilimia 2 ya kurefuka, fremu nzima, ekseli zimenyooka na ngama kavu baada ya maji, nunua, hata kama injini itataka kufanyiwa kazi mwakani. Ukikuta cheni pekee ndizo zimekwisha, toa gharama zake na za sproketi kwenye bei, bado ni mashine nzuri. Fremu au ekseli zaidi ya moja zikiwa mbovu, mwache naye pia, zitakuja nyingine. Yule wa rangi mpya mpe nafasi moja tu, ya kufungua sakafu. Na vyovyote itakavyokuwa, usimalize fedha zote siku ya kununua. Bakiza kama robo yake kwa ajili ya sili, grisi, mkanda wa akiba na yale ambayo hakuna tochi inayoyaona.

Siku utakayokwenda, mpigie mwenyewe asubuhi na umwombe asiiwashe kabla hujafika, ili moshi wa kuwasha uuone kwa macho yako. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya injini. Iwe baridi.